Gari Linalochemkia Makaburini

Baba Sabra,

Wali umo kwenye hotipoti. Gari lipo uani; usiliwashe kabla hujamaliza kusoma.

Fundi kabadili themostati, feni, mpaka rejeta, na bado linachemka siku mojamoja. Mie nimejua. Linachemkia makaburini Mtawanya tu, alikozikwa baba yako, mwenye gari lake. Mama yako akiwemo linatulia, kwa sababu yeye huwasalimu waliolala. Wewe unaongeza redio!

Leo asubuhi nikipita hapo nilijisahau, mshale wa joto ukapanda kwenye nyekundu. Nikazima redio, nikatoa salamu. Ukashuka palepale.

~~Kalijaribu mwenyewe.~~ Usiende peke yako. Mie nimelirudisha tu, sasa naondoka kwa bodaboda, maana salamu yangu iliitikiwa kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya baba yako.

Anakuulizia.

Mama Sabra