Mama Agathe na Sahani ya Yaya

Mama, mwaka umetimia tangu tukupeleke kule mlimani juu ya Kalundu, mahali ambapo ziwa lote linaonekana. Ninayeandika ni Déborah, mtoto wako wa kwanza. Papa ndiye alipaswa kuandika, lakini kila akishika kalamu analia, na akimaliza kulia anauliza kama kuna chakula. Unamjua.

Tumekuja kukuambia kwamba umeshinda. Tunakuambia mbele ya watu wote, maana wewe hukupenda mambo ya kunong'onezana.

Wasiokujua wapate kujua. Ulipika miaka mingi Bujumbura, kwenye nyumba ya masista Waitalia. Sista Ornella, yule mzee mwenye sauti kubwa, alikufundisha kukanda unga kwa mayai, kuuacha upumzike, kuusukuma hadi uwe mwembamba kama kitambaa, kisha kuukata tambi. Masista waliporudi kwao, ulivuka mpaka wa Kavimvira na masufuria yako kichwani, ukamwambia Papa: "Térence, minye nafungua resto ya Kiitalia hapa Kalundu." Papa alidhani una malaria.

Alipoona huna homa, akaanza kutengeneza meza. Yeye ni fundi wa mitumbwi, basi meza zilitoka na mbao za mtumbwi na misumari ya mtumbwi. Mdogo wangu Emery akachora jina ukutani: LA BELLA KALUNDU. Chini yake ukaandika wewe mwenyewe, kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA BUGALI.

Mji mzima wa Uvira ulicheka. Watu watashiba nini? Na leo tuseme ukweli, maana huwezi tena kutukaripia: nyumbani ulikula bugali kama sisi sote, tena donge kubwa. Lakini resto ilikuwa resto. Gédéon, mbeba mizigo wa bandarini, ndiye aliyekuwa mteja wako wa kwanza. Aliitazama sahani ya tambi na mchuzi wa nyanya na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akauliza: "Mama, hii iko ya kufungua kinywa, ao ndiyo chakula yenyewe?"

"Weye kula kwanza," ulimjibu. "Kulalamika utalalamika kiisha."

Alikula, akaomba nyingine. Kesho yake alileta wenzake wote, na vumbi la saruji bado liko mabegani mwao.

Samaki walitoka ziwani, nyanya zilitoka bonde la Ruzizi, jibini lilishuka kutoka milimani, na majani ya harufu uliyapanda mwenyewe kwenye makopo ya maziwa. Mafuta ya zeituni yakikosekana ulitia mawese, ukatuapisha tusimwambie Sista Ornella. Unga uliusukuma kwa chupa tupu ya bia ya Primus. Wasafiri waliosubiri boti ya Kalemie walianza kuomba boti ichelewe. Tulijivuna sana, Mama. Bado tunajivuna.

Mtu mmoja tu hakuja kula: dada yako mkubwa, Mama Libérate, uliyemwita Yaya tangu utotoni. Siku ya ufunguzi alisimama barabarani, asikanyage hata kizingiti.

"Mama yetu alitulea na bugali," alisema. "Leo weye unaandika ku ukuta eti bugali haina nafasi? Ile minyoo yako, minye siitie mu kinywa."

Hukukasirika. Kila Jumapili ulipakua fungu lake, ukalifunika kwa sahani nyingine, ukaliweka kwenye meza ya dirishani na kiti chake mbele. Ulisema, "Hii iko ya yaya. Labda atapita." Jioni ilifika bila yeye kupita, na Papa akala. Watu walidhani Papa amenenepa kwa faida ya resto. Hapana, alinenepa kwa fungu la shemeji yake.

Mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yalifika kwenye vifundo vya miguu na wewe ukaendelea kupika, wateja wakila huku wamekunja suruali. Yalipofika magotini, meza za Papa zikaelea, maana yule hajui kutengeneza kitu kinachozama. Tulizifunga kamba tukazivuta majini kama mitumbwi hadi kwenye kiwanja cha juu, na watu wakatushangilia barabara nzima. Mama Libérate alikuwepo. Alivuta kamba kuliko wanaume. Alipofika penye mlango mpya aliachia kamba, akajifunga kitenge vizuri, akarudi kwake. Na kitu cha kwanza ulichoandika kwenye ukuta mpya kilikuwa kilekile.

Halafu ukaugua. Yaya wako alikuja hospitalini kila siku na bugali ya moto na samaki wa mukeke, akakulisha kwa mkono wake. Siku moja ulimaliza donge lote, ukamwangalia.

"Yaya, minye nimekula yako. Yangu utakula siku gani?"

"Ukipona," alisema. "Siku ileile nitakuja, nitakaa, nitakula."

Ulicheka hadi ukakohoa. Kisha ukatugeukia sisi: "Sahani ya yaya, musisahau kufunika."

Hukupona, Mama.

Siku ya kumaliza kilio, wazee wa pande zote mbili walikaa kupanga chakula cha wageni. Kila mtu alijua kitakuwa bugali, nyama na maharagi, kama kawaida. Mama Libérate akasimama.

"Mwenye resto amekufa, na mutalisha watu bugali mu resto yake, chini ya maandiko yake? Munamutafutia haya? Minye nilimuambia akipona nitakula. Hakupona, lakini nilisema. Leo tunakula yake, na minye ndiye napika."

Nani angembishia? Mimi nilipika mchuzi, yeye akasukuma unga kwa chupa yako, machozi yakidondokea humo humo. Tambi zikaingia kwenye sufuria kubwa. Hapo mikono yake ikafanya ilichozoea: alikamata mwiko, akaibana sufuria kwa miguu, akaanza kusonga. Mdogo wetu Shalom alitaka kumzuia, Papa akamkata jicho. Yaya wako alisonga tambi zako hadi zikashikana, akapakua donge linalong'aa, zito, la kukatwa kwa kidole.

Basi bugali iliingia La Bella Kalundu, Mama, chini ya maandishi yako mekundu, tena kwa unga wako na mayai yako. Watu walikula kwa mkono, wanalia wanacheka, na sufuria ikabaki tupu. Yeye alikwenda kwenye meza ya dirishani, akakalia kile kiti, akafunua sahani tuliyomfunikia, akala yote bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Agathe alisema kweli. Iko tamu. Chumvi tu imezidi."

Inatuuma kwamba hukumwona. Tunasema wazi, inatuuma.

Lakini sikia tulipofika. Resto inajaa. Mwezi huu tumefungua ya pili Kavimvira, karibu na mpaka, na Emery ameandika maneno yaleyale ukutani. Mama Libérate ameacha kusonga tambi. Sasa anazichemsha kama ulivyokuwa ukifanya, na anatufokea sisi tukikosea. Juzi Gédéon alimtania akaomba bugali. Alimwonyesha ukuta: "Weye hujue kusoma?" Kila Jumapili tunafunika sahani yake. Papa amekonda, na analalamika kwamba siku hizi hakibaki kitu.

Jumapili hii, baada ya misa ya kukuombea, wote karibuni Kalundu. Mnajua kilichoandikwa ukutani.

Tunaokuombea na kukutaja kila siku ni mume wako Térence, watoto wako Déborah, Emery na Shalom, wajukuu wako, na Gédéon pamoja na wabeba mizigo wote wa bandari. Hatutakusahau, Mama, si leo, si kamwe.

Na yaya wako Libérate. Amekuwa wa mwisho kwa sababu tulipomwita aje tuandike jina lake, alituambia tungoje kidogo, bado anakula.