Nafasi Iliyo Mbele ya Lori

Kwako Dada yangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wapwa wangu. Natumaini usingizi umeanza kukurudia, na kwamba yule mdogo ameacha kukimbilia mlangoni kila asikiapo gari. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia ungali katika plasta. Hivyo uniwie radhi kwa herufi hizi zilizolala.

Ama baada ya salamu, nakuarifu kuhusu lalamiko langu la tatu dhidi ya dereva wa lori lililotugonga na kumuua Shemeji, lalamiko ambalo umeahidi kulitia saini Jumatatu. Humo nilimwita mzembe asiyethamini uhai wa raia, nami nikajipongeza kwa sentensi hiyo.

Juzi nilikwenda katika yadi ya wenye lori kutafuta ushahidi zaidi. Fundi wao hakunifukuza. Alisema wao humwita dereva yule Mzee Polepole, maana hata konokono humpigia honi, na kwa miaka ishirini na miwili hajamkwaruza mtu. Kisha akaniambia, haya mwandishi, panda ukae anapokaa yeye. Nikapanda. Akaweka stuli yake mbele ya bampa, akaketi, akaniuliza kama namwona. Sikumwona, Dada. Nilisikia sauti tu, ikisema kwamba tani thelathini za saruji hazisimami kama baiskeli. Kwamba nafasi anayoiacha Mzee Polepole mbele yake ndiyo breki yake, na wenye magari madogo huidhani mlango ulioachwa wazi kwa ajili yao. Nilishuka.

Sasa nifike kwenye kiini cha waraka huu. Nilikwambia wewe, na polisi pia, kwamba ajali ilipotokea nilikuwa nimelala. Sikulala. Siku ile tulikuwa tukiiwahi ofisi ya maji; dirisha lao la kupokelea barua hufungwa saa tisa, nami nilikuwa na lalamiko kuhusu bomba la mtaani. Shemeji alikuwa ametulia nyuma ya lori, akinitania kwamba bomba limekauka miaka mitatu, halitakufa kiu leo. Nikamwambia anaendesha kama msafara wa mazishi. Akalipita lori. Alitaka aliache mbali kwanza ndipo arudi upande wetu. Nikamwambia aingie, nafasi ipo tele. Akaingia. Basi lililokuwa mbele likafunga breki kwenye tuta, nasi tukafunga. Honi ya lori niliisikia yote, tangu ilipoanza hadi ilipokatika.

Kwa hiyo Jumatatu usitie saini. Mzee Polepole yumo mahabusu wiki ya sita sasa. Kesho asubuhi nitapeleka polisi karatasi yenye mistari minne, isiyo na sentensi hata moja ya kujivunia. Nakala yake imo humu, usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Ukiamua kwamba sistahili tena kuitwa mdogo wako, sitakata rufaa.

Wapwa wakifika umri wa kushika usukani, waambie waliachie lori nafasi yake. Wape salamu zangu, iwapo watazipokea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa macho.