Uso wa Vene Ukutani

Jumatano, 3 Septemba. Liuli.

Miraba ya chaki imekamilika ukuta mzima kabla ya saa nne. Upepo wa ziwa unaleta mchanga hadi ndani ya ndoo za rangi. Nimezifunika kwa magunia. Kaka Otmari, mchoraji mwenzangu, kachukua upande wa kushoto, wapiga ngoma wake watatu. Mimi kulia, mwanamke anayeanika dagaa. Ukuta ni wa ghala la zamani la mazao, ubavuni mwa uwanja wa tamasha. Mafundi bado wanagongelea jukwaa la muziki. Kuanzia keshokutwa tutachora watu wakituangalia, siku tatu nzima. Sijawahi. Kule Mbinga nachora mabango ya saluni na maduka, hakuna anayesimama kunitazama.

Uso nautoa kwenye simu. Mwanamke niliyempiga picha sokoni Kihagara wiki mbili zilizopita. Anacheka, jua limemwangukia shavuni. Sikumwomba. Hakujua.

Alhamisi, 4 Septemba

Macho yamekubali. Hata mimi nilishuka chini nikarudi nyuma hatua ishirini, nikacheka peke yangu. Uso una urefu wa mlango. Kijikovu kinachokata unyusi wa kushoto kimetoka vilevile kama kwenye picha.

Faraji, mratibu wa tamasha, alifika na simu mbili. Kapiga picha kila upande. Kabla ya saa sita uso ulishazagaa mitandaoni kama tangazo la tamasha. Watu wanaandika sifa. Nimezisoma zote. Nimevimba kichwa, nakiri.

Ijumaa, 5 Septemba

Siandiki vizuri.

Tamasha limefunguliwa saa nane. Niko juu ya kichanja cha mbao cha kupakia rangi, napaka kitenge cha yule mwanamke, nasikia mtu chini anasema, "Dada, shuka." Si kwa sauti kubwa. Nikadhani ni mwandishi wa habari. Kajifunika khanga kichwani hadi mdomoni, hatazami ukuta. Nikashuka. Kashusha khanga kidogo. Ule unyusi.

Anaitwa Veneranda. Vene. Kasema mambo machache, nayaandika yote. Alimkimbia mumewe huko kaskazini mwa ziwa, mwezi wa nane uliopita. Yuko kwa shangazi yake Kihagara. Mume anamtafuta. Mara ya mwisho alimpata kwa dada yake, akamfungia ndani siku nne. Hakusema alimfanya nini siku hizo nne. Alinionyesha tu mkono, akaurudisha ndani ya khanga.

"Nani alikupa uso wangu?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile picha ya sokoni.

"Mume wangu ana simu, dada. Ana ndugu wanaobeba samaki pwani yote hii. Ufute."

Nikamwambia nitaufuta. Kaniachia namba yake, kaondoka kwa kupita nyuma ya ghala.

Nikaenda kwa Faraji. Akasema kesho mgeni rasmi anakuja kupiga picha mbele ya ukuta huo huo, nisubiri hadi Jumapili jioni. Nikamwambia mwenye sura hataki tu. Sikumwambia kwa nini. Niliona aibu kusema nimeiba uso wa mtu. Akacheka: "Atazoea, keshakuwa staa."

Ningeweza kurudi na rola na kumaliza kazi kwa dakika kumi. Watu walikuwa wengi, wananishangilia. Sikurudi. Kaka Otmari pia sijamwambia. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 6 Septemba

Alikuja.

Saa tatu asubuhi, uwanja ukiwa na watu wachache. Mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, begi dogo begani. Akasalimia vizuri sana. "Habari za kazi, dada. Hongera. Huyu mama ni wa wapi?"

Nikasema nimemtoa kichwani tu.

Akatazama juu kwa muda mrefu. "Kichwa chako kinajua hadi kovu la mke wangu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayesifia. Brashi ilinitoka mkononi. Akaiokota, akanipa, mpini wa brashi ukiwa upande wangu. Kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha jukwaa, akatoa kipande cha muwa kwenye begi, akawa anaumenya kwa meno. Ananitazama. Saa nzima. Nikampigia Vene, simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikajifanya nachora. Nilipaka kidole kimoja cha yule mwanamke mara tatu.

Nikaenda msalani. Nimerudi, kivulini hakuna mtu. Maganda ya muwa tu.

Nikamuuliza Kaka Otmari. "Yule bwana? Mstaarabu sana. Aliuliza ulimpata wapi mwanamke wako, nikamwambia sokoni Kihagara." Alisema hivyo huku anachanganya rangi, hana habari. Angejuaje? Mimi ndiye niliyenyamaza.

Sikunawa rangi. Nilidandia bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva Kihagara, usisimame. Njia nzima nilikuwa natazama mgongo wa kila aliye mbele yetu. Nilitaka kumpita. Niliogopa kumpita.

Hatukumwona. Sokoni wanawake wa dagaa walinitazama vibaya. Mmoja akaniambia, "Wewe wa pili leo kumuulizia. Hatumjui." Nikawaonyesha mikono yangu yenye rangi. Nikawaambia mimi ndiye mpumbavu niliyemchora, na yule mwingine ndiye mumewe. Wakatazamana. Walikuwa wamemwelekeza upande wa ziwani, makusudi. Mama mmoja akanishika mkono, tukapita njia ya mashambani tukienda kama tunakimbia, dereva akitufuata polepole.

Vene alikuwa anachimba mihogo na shangazi yake. Nilipomwambia mumewe yuko Kihagara, hakupiga kelele. Aliacha jembe palepale lilipoangukia, akamwangalia shangazi yake. Shangazi akavua khanga yake mwenyewe akamfunga kichwani. Wakanong'ona kwa Kinyasa, lugha ya kwao, sikuelewa na sikutaka kuelewa. Vene akapanda nyuma ya dereva. Kabla hawajaondoka nilimwambia nisamehe. Akasema, "Si sasa, dada."

Pikipiki ikapanda njia ya milimani.

Haikupita nusu saa, tukiwa uani kwa shangazi, mume akatokea. Shati bado jeupe, viatu vimejaa mchanga.

"Shikamoo, shangazi." Kisha kwangu: "Dada mchoraji. Kumbe kichwa chako kina miguu."

Nilishika nguzo ya banda la kuku. Shangazi hakuitikia shikamoo yake. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Huku huna mke." Na wale mama wa sokoni walikuwa wameshafika, mmoja mmoja, wakasimama nyuma yetu. Mwenyekiti wa kitongoji akaja anafunga vifungo vya shati, akamtaka ajitambulishe na kueleza shida yake. Mume akatabasamu. Akasema amepita kusalimia tu. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayekariri kitu, akaondoka.

Nimelala kwa shangazi. Yaani, nimekaa macho kwa shangazi.

Jumapili, 7 Septemba

Nilirudi Liuli watu wakitoka kanisani. Nikamweleza Faraji kila kitu, na Kaka Otmari akiwapo. Kaka Otmari akakaa chini mchangani, akajishika kichwa. Nikamwambia kosa si lake. Faraji akatoa simu zake zote mbili, akaanza kufuta picha za ule uso. Akawapigia aliowatumia, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba nao wafute. Wengine watakuwa wamebaki nazo. Tunajua.

Nilipanda na rola na ndoo ya rangi nyeupe. Uwanja umejaa, bendi inapiga. Nilipopitisha rola mara ya kwanza juu ya macho, watu wakapiga kelele. Wengine wakazomea. Mtu akarusha chupa ya maji, ikanipiga mguuni. Faraji akaja kushikilia miguu ya kichanja mwenyewe, amewapa mgongo.

Nikafuta pia picha iliyokuwa kwenye simu yangu.

Mwanamke akabaki mwili bila uso. Ilitisha kuliko yote. Nikamwomba dereva mmoja afungue kioo cha pikipiki yake, nikakifunga kwa waya kwenye kichanja, nikajichora mimi. Sikuwa na uso mwingine niliokuwa na ruhusa nao. Masikio yangu makubwa, pua ya baba. Watu wakaanza kucheka, kisha wakatulia. Nilichora kwa saa nne. Kila nilipotazama kioo nilitazama kwanza nyuma yangu, penye watu, nikitafuta shati jeupe.

Sikuliona. Hilo halikunipa amani.

Alhamisi, 11 Septemba. Mbinga.

Nimekwenda polisi, dawati la jinsia. Afande mwanamke, mvumilivu. Kaandika maelezo kurasa tatu. Kauliza Vene yuko wapi. Nikasema sijui, na ni kweli.

Mchana mteja alibisha mlango wa karakana. Nilikaa kimya nyuma ya mabati hadi akaondoka. Baadaye nikamwona dukani. Kumbe mama wa saluni, anataka bango.

Naogopa. Naogopa kwa ajili yake, na naogopa kwa ajili yangu, na hofu ya kwangu inanitia aibu.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua ndogo asubuhi, isiyo ya msimu. Nimemaliza herufi za bango la saluni.

Shangazi wa Vene kapiga simu saa kumi. Nikamwamkia, akaitikia. Kasema Vene amefika salama, ana kazi, anakula. Nikauliza wapi. Akasema, "Huko huko." Sikuuliza tena.

"Anasema namba yake uifute. Si kwa ubaya, mwanangu."

Nikaifuta naye akiwa bado hewani, akisubiri.

"Umeshafuta?"

"Nimeshafuta."

Tukaongea kidogo habari za mihogo yake, nguruwe pori wanamsumbua mwaka huu. Kisha salio lake likaisha.