Mama Mkwe Analala Jikoni na Baridi Imeingia

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu kutoka Kericho. Naomba msaada wa neno lako, kwa maana nimeuliza kanisani, nimeuliza sokoni, kila mtu ananipa jibu lake, na baridi haingoji. Naitwa Eucabeth, nimeolewa, nina watoto wawili, mume wangu Eliakim anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha majani chai na mimi nauza nguo za mtumba, tumepanga nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mji, na nje ya nyumba kuna jikoni ya mabati ambayo tulijijengea wenyewe.

Mwezi wa tano mafuriko yaliingia nyumbani kwa kina Eliakim, huko Kano, tambarare karibu na ziwa, naye akaenda kumleta mama yake, Mama Syprose, mjane, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kulala mahali penye baridi. Alipotoka maji yalikuwa magotini na nyumba yake imesimama, na mpaka leo anajua imesimama, lakini wiki iliyofuata shemeji yangu alipiga simu akasema ukuta wa nyuma umelala na paa limefuata, na Eliakim akasema tusimwambie kwanza kwa sababu ya presha, kwa hiyo kila asubuhi mama anauliza, "Maji imerudi ziwani?" nasi tunamjibu bado kidogo.

Shida yenyewe ni hii. Kwa desturi yetu sisi Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kule Kano hilo si jambo la kusumbua mtu, kwa sababu mama ana nyumba yake ndani ya boma na mwana ana yake, na joto la kule lenyewe linakutoa ndani, unatandika mkeka nje mpaka mbu wakufukuze. Hapa ni vyumba viwili, sisi tunalala kimoja na watoto wanalala sebuleni. Siku ya kwanza nilimtandikia pale sebuleni na watoto, akasimama mlangoni na mkoba wake mkononi, akaniambia, "Nyar Asembo," yaani binti wa Asembo, ndivyo anavyoniita kwa sababu nilizaliwa huko, "mimi sitalala mahali mtoto wangu anavulia suruali." Nilicheka nikidhani ni mzaha, yeye hakucheka. Akauliza ile nyumba ndogo ni ya nini, nikamwambia ni jikoni, akasema, "Hiyo inatosha. Mimi ni mgeni wa maji tu, ikikauka naenda."

Mshauri, sijui kama unaijua Kericho ya mwezi wa saba. Asubuhi ukungu unakaa chini mpaka huoni nyumba ya jirani, mchana jua linajaribu kidogo, alasiri inanyesha mvua ya mawe juu ya mabati mpaka hamsikilizani, blanketi ukifua linakaa kwa kamba wiki nzima, chumvi inageuka maji ndani ya kopo na kiberiti kinakataa kuwaka. Mimi nimezoea, navaa sweta mbili na soksi naenda sokoni. Yeye anavaa kila kitu alichokuja nacho kwa wakati mmoja na bado anatetemeka, na mabati usiku yanatoa jasho linamdondokea usoni, na kifua kilianza kulia kama mlango.

Jirani yetu Phyllis, Mkipsigis mwenye ng'ombe wa maziwa na nyumba yake ya mbao, hajanyamaza tangu aone. Alinisimamisha mbele ya watu kwa mfereji, akasema, "Mama Apiyo, ng'ombe yangu inalala kwa mbao, mama ya bwanako analala kwa mabati. Nyinyi watu wa ziwa mko na roho gani?" Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka. Nikamleta mwinjilisti wetu, akamwombea mama, akamwambia mambo ya chira, ile laana ya mwiko uliovunjwa, yalikwisha msalabani na alale ndani kwa amani, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Mama yako analala kwako?" Mwinjilisti akasema mama yake yuko Siaya. "Mlete kwanza alale kwako," akasema, "halafu urudi unihubirie." Eliakim nikimsukuma anafoka, "Unataka nimbebe kwa nguvu? Huyo ni mama yangu ama ni gunia ya majani?"

Kwa hiyo nilifanya ninaloweza. Niliziba mianya yote ya juu kwa nguo za mtumba zilizokosa mnunuzi, nikatandaza nailoni kwa ukuta, nikaweka gunia chini ya mlango, na kila jioni namwingizia jiko la makaa yaliyoiva vizuri kabisa, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, ndipo nafunga. Jikoni sasa kuna joto kama Kano na kikohozi kimepungua. Lakini limekuja lingine. Akiamka kichwa kinamgonga, anatapika kidogo, miguu haina nguvu, mpaka nimtoe akae nje na mchana ufike ndipo anarudi kuwa mtu. Ijumaa binti yangu Apiyo alilala naye kwa sababu ya ule ujoto, naye akaamka akitapika, nikalaumu omena, wale dagaa wa chakula cha jioni. Mama anasema ni chira. "Unaona? Nimelala tu karibu na mlango wenu imenipata hivi, sasa unataka niingie ndani?"

Mwenzake Eliakim kazini, Clifford, wa kutoka Sigor, anatuambia kwao Chepalungu ni chini, kuna jua, chai haimei sana na baridi si hii, chumba ni bei nafuu, tumpeleke mama huko, na Eliakim ameanza kukubali. Mimi sijui. Nimtoe jikoni kwa lazima nivunje desturi, nimwache, au nikubali Sigor? Akifa jikoni kwangu, watu wa Kano hawatasema ni baridi. Watasema ni nyar Asembo. Nambari yangu ya simu iko hapa chini, nami nasubiri.

Eucabeth,
Kericho

MSHAURI ANAJIBU

Eucabeth,

Jiko kwanza. Desturi itangoja.

Barua yako niliisoma Jumatano asubuhi, na nilipofika mahali ulipoandika kwamba Apiyo aliamka akitapika niliiweka chini nikapiga ile nambari. Simu ulikuwa umeiacha nyumbani. Aliipokea Eliakim, ametoka zamu ya usiku. Nilimuuliza mama yuko wapi.

"Bado amelala. Leo ametulia, hata hajakohoa."

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilimwambia asikate simu, aende akafungue mlango wa jikoni.

"Wewe ni nani wa kuniamrisha kwangu?"

Nikamwambia afungue kwanza, jina nitampa baadaye. Nilisikia gunia likikwaruza sakafu, kisha nikamsikia akiita, "Mama." Mara ya kwanza aliita kwa sauti ya kawaida.

Yaliyofuata unayajua. Wasomaji hawayajui, nao wana majiko, kwa hiyo nayaandika. Eliakim na Phyllis walimbeba nje, wakapata gari la maziwa likawafikisha hospitali, na huko amewekewa oksijeni. Yu hai. Jana umeniambia kwamba amefungua macho na anamwita Eliakim kwa jina la marehemu baba yake, na kwamba daktari anasema hali hiyo huenda ikaisha na huenda isiishe. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nisikilize. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu, nayo haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inamlaza tu. Kikohozi cha mama mkwe wako kilipungua kwa sababu uliondoa baridi, na ulipoondoa baridi uliondoa pia kila tundu la kupumulia. Jikoni ya Kano haina shida hii kwa kuwa imeachwa wazi juu, upepo wa ziwa unaingia huku na kutokea kule, moto unaweza kuwaka usiku kucha na mtu akaamka mzima. Ulichukua mazoea ya mahali penye upepo ukayafungia ndani ya mabati. Umeandika katika karatasi moja kichwa kinachouma asubuhi na kupona mchana nje, mtoto aliyetapika baada ya kulala humo, na mlango uliouziba mwenyewe, halafu ukaniuliza habari za chira.

Sikuhukumu. Kabla ya kupewa ukurasa huu niliandika habari, na karibu kila Julai nilisimama nje ya mlango wa namna hiyo, Limuru, Molo, na hapo kwenu pia. Kila mara aliyeziba mlango alikuwa mtu aliyemtakia mema marehemu. Nakuambia hili ujue kwamba nia njema haijawahi kuingiza hewa chumbani. Jiko liwashwe nje, litumike nje, lizimwe nje. Usiku atumie chupa ya maji moto na blanketi kavu, na ukanda wa juu wa ukuta ubaki wazi.

La Sigor ni jepesi. Nimewahi kuishi huko. Clifford hadanganyi, mchana kuna jua na nguo zinakauka siku hiyo hiyo, si kama Kericho ambako baridi ni ya maji na inaingia mpaka kwenye godoro. Hata Roret, hapo hapo kaunti yenu, si kubaya kama kwenu. Lakini huko atakaa na nani? Eliakim kazi yake iko kiwandani na wewe biashara yako iko sokoni. Mtamweka mama mgonjwa katika chumba cha kupanga, mahali asipojua lugha wala jirani, na jioni upepo ukivuma atakayewasha jiko na kufunga mlango ni yeye mwenyewe. Jua la Sigor halimpikii mtu uji. Msimpeleke.

Kuhusu desturi, sitakuambia uikanyage, wala sitakuambia umwogope Phyllis. Mwanamke aliyeishika kanuni moja tangu aolewe hatolewi humo kwa kuburutwa, na mwinjilisti wenu alijibiwa alichostahili. Ila soma kanuni yenyewe. Inasema asilale katika nyumba ya mwanawe. Haisemi alale jikoni. Katikati ya hivyo viwili kuna dunia nzima ya vyumba, na cha karibu kabisa kiko ng'ambo ya ua, katika nyumba ya mbao ya mwanamke aliyekutukana mbele ya watu na ambaye Jumatano alishika miguu ya mama mkwe wako wakimtoa. Nenda kwake kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini. Usiende na hasira ya maneno ya mfereji. Mwombe chumba, mpatane kodi, umlipe kama unavyomlipa mwenye nyumba wako. Akikataa, tafuta nyumba ya pili, na ya tatu, zote za watu wasiokuwa wanawe. Wewe utampelekea chakula, Apiyo akae naye jioni, na Eliakim apite kumwamkia kila akitoka zamu.

Na Eliakim, najua utasoma hapa, kwa maana uliniuliza mara mbili barua hii itatoka lini. Ulisema mama si gunia la majani. Kweli. Kiwandani kwenu gunia la majani haliachwi penye unyevu usiku mmoja, msimamizi angekufuta kazi. Wewe ulimwachia mkeo mzigo wote wa kumweka mama yako hai, kisha ukamfokea alipokuuliza namna.

Limebaki moja, nalo ndilo lililomlaza jikoni kuliko chira. Alikataa sebule, akakataa maombi, akavumilia jasho la mabati, kwa sababu mgeni wa siku chache huvumilia chochote. Hakujua kwamba hayuko safarini. Ninyi mlijua. Mmemnyima jambo moja ambalo lingemfanya aamue kwa akili zake mahali pa kuzeekea, mkasema ni presha. Presha inapimwa na ina dawa, na sasa yuko mahali penye vyote viwili.

Aambiwe. Asiambiwe na wewe, Eucabeth, hiyo si kazi ya mke wa mwana. Eliakim amwambie, mchana, akiwa amekaa kitandani mwake hospitalini na muuguzi karibu. Asiseme nyumba imeharibika kidogo. Aseme ukuta wa nyuma ulianguka na paa likafuata, na kwamba amejua hivyo tangu mwezi wa tano. Mama akilia, asinyamazishwe na mtu, ile ilikuwa nyumba yake. Na kama kesho yake atakuwa amesahau, Eliakim aketi tena palepale amwambie tena, taratibu, kama mara ya kwanza, hata ikiwa ni kila siku.