Mbele ya Mashua si Mbele ya Injini

Bukavu, Alhamisi, Julai 1956. Kiangazi. Vumbi jepesi juu ya ziwa, na moyo wangu mweupe.

Kesho naolewa, na kucha zangu zina grisi. Nimezisugua kwa limau na sabuni, haikutoka. Basi, ibaki. Nimechoka kuficha mikono kama mwizi.

Asubuhi tulikuwa bandarini Goma: mimi, mashangazi wawili, masufuria ya sherehe, na mjomba Asumani, ambaye maisha yake yote ameendesha lori kwenye barabara ya Sake. Papa alitangulia huku kwa meli ili azungumze na wakwe. Alituachia mashua yake pamoja na waya mpya za buji, zile zinazopeleka moto wa kuwasha injini, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimepasuka na moto ulipotelea njiani. Aliagiza jambo moja tu: toa waya moja, weka mpya mahali pake, ndipo ushike nyingine.

Mjomba alizing'oa zote kwa mpigo mmoja.

"Nilijua moteri mbele ya weye kuzaliwa," alisema. "Moja, tatu, ine, mbili."

Akafunga mpya kwa mpangilio huo wa moto, akihesabu silinda kuanzia mbele, kama afanyavyo kwenye lori lake. Alipozungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, injini ikapiga chafya na moto ukarudi kwenye kabireta. Akajaribu tena, ikapiga chafya tena. Shangazi Mariamu akaanza kunong'ona kwamba huu ni mkosi, mashua inakataa kumpeleka bibi harusi.

Hilo lilinichoma. Kwa wakwe tayari wapo waliosema kijana wao angetafuta mke karibu. Tungekosa kufika leo, neno "mkosi" lingefika kabla yangu, na nani angelifuta?

Bibi harusi hasemi, hilo nalijua. Lakini nilishindwa kuvumilia.

"Mujomba, unahesabu kutoka mbele ya mashua. Moja ya moteri iko huku, kwa manivela."

"Mbele ni mbele, mutoto!"

"Hapana. Papa aliifunga kinyume, ili azungushe manivela akiwa karibu na usukani. Uso yake inaangalia nyuma."

Aliitazama injini, akanitazama mimi, akajikuna kichwa.

"Hina yako, mwanangu!" shangazi Mariamu alipiga kelele. "Bibi arusi hashikake kazi!"

Mimi nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni. Tangu nikiwa mdogo nimekaa kando ya Papa nikimpa spana. Ningekaa tu kuangalia?

Nilifungua buji namba moja, nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, kile chenye ua la hina. Mjomba akazungusha polepole hadi pumzi ya injini ikanisukuma kidole. Nikainua kofia ya distribitere, kile kifaa kinachogawia buji moto, kuona mshale wa ndani umeelekea wapi. Hapo ndipo mahali pa waya ya kwanza. Nikarudisha buji, nikafuata mzunguko: tatu, nne, mbili, nikikandamiza kila waya mpaka ikae sawasawa.

Iliwaka mara moja.

Nilipiga vigelegele mwenyewe! Mashangazi wakapokea. Mjomba akacheka, akaniambia, "Basi, fundi, keti." Siku nzima ziwani ilinguruma bila kukohoa hata kidogo, nami niliisikiliza kwa raha kuliko ngoma.

Jua lilipokuwa linazama, Papa alikuwa amesimama bandarini Bukavu na wakwe. Alinishika mikono akainusa.

"Nani alifunga waya?"

Mjomba alinielekeza kwa kidevu. Papa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mikono yangu hakuiachia.

Mama mkwe naye alisogea, akaziangalia kucha. "Hii nyeusi ni nini?"

"Ni grisi ya njia, mama," nilimjibu. Alitabasamu kidogo. Sijui bado anawaza nini, tutajuana.

Watu husema bibi harusi hupelekwa. Mimi nimejipeleka. Kesho watakapokuja kuniuliza kama nimeridhia, watatazamia niiname na kunyamaza?

Nitajibu kwa sauti.