Mlango wa Uani

Jumatatu, mwezi 4 Mfunguo Tano
Nimefagia, nimechemsha kahawa, nimepita mlango wa uani kwenda kwa jirani yangu Tatu kuomba makaa. Moto wangu ulikuwa haujazima. Naye anajua. Mimba yake imepevuka. Mbili za kwanza ziliharibika. Nimemwahidi uchungu ukimshika nitakuwa naye. Tumecheka mpaka mumewe akakohoa barazani.

Alhamisi, mwezi 7
Fisi wameingia tena. Mbuzi wameliwa. Boma la miti linalozunguka mtaa wetu limeoza upande wa migombani. Zamani wenye misafara walitua hapa Karagwe wakielekea Buganda, wakaacha chumvi na nguo, na kwa hizo mtaa ukajitunza. Tangu Wajerumani wavutie biashara Bukoba, hawaji. Gharama zote ni zetu wenye nyumba.

Nazikumbuka siku zile. Wali wa wageni ukipikwa nyua zote, milango wazi, mtu anatoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho bila kukanyaga barabara. Niliolewa huku nikiililia Tabora. Wanawake wa milango hiyo ndio walioninyamazisha.

Jumapili, mwezi 10
Wanaume wamefanya baraza. Mchango wa boma utapimwa kwa milango. Kila mlango mzigo wa fito, na kibaba cha chumvi cha mlinzi. Hakuna aliyetuuliza. Mume wangu Hamdani amerudi akiionyesha milango yetu kwa kidole: wa dukani, wa uani. "Huu wa uani hauingizi kitu," amesema. Nimejua amekwisha kuamua.

Jumatano, mwezi 13
Ameuziba. Fito, udongo, samadi. Kazi safi, na ndiyo inayoniudhi. Mtaa mzima wanaziba. Waungwana wote wamekuwa mafundi.

Jumanne, mwezi 19
Naongea na Tatu kwa kupaza sauti juu ya ukuta. Ukuta mrefu, kwa ajili ya chui. Maneno ya siri hayasemeki hivyo. Hamdani akitoka hufunga duka kwa kufuli, mimi ndani. Zamani kufuli halikunihusu. Nimemwambia siku za Tatu zimekaribia. Ameniahidi atanipeleka mwenyewe. Simwamini. Hapana, namwamini, ila hashindi nyumbani.

Ijumaa, mwezi 22
Wanaume walikwenda kusali. Kufuli kila duka. Tatu akaniita kwa jina.

Nilichukua mchi nikapiga pale palipokuwa mlango. Udongo umekauka kama jiwe. Yeye anaita, mimi napiga. Nikapiga kelele, wanawake wakajibu kutoka nyumba nyingine, wamefungiwa nao. Wakaanza kupiga kuta zao. Msikiti uko ng'ambo ya migomba. Hakuna aliyesikia.

Nilipopata tundu la kupitisha mabega, Tatu alikuwa ameegemea mtungi. Mtoto ametoka, mzima, wa kike. Damu nyingi mno. "Umechelewa, shoga," akasema, akitabasamu. Hakusema tena.

Jumamosi, mwezi 23
Wamemzika. Hamdani hali kitu. Simpikii. Leo namchukia. Mke wa mlinzi, Mnyambo, mwenyeji wa hapa, mwenye kichanga chake, anamnyonyesha mtoto.

Alhamisi, mwezi 28
Baraza jingine. Milango ya uani haihesabiwi tena. Kila mtu atatoa kwa kadiri ya biashara yake, kama ilivyopasa tangu mwanzo. Nasikia aliyesema ni mume wa Tatu, na hakuna aliyeinua uso. Kisha wakaenda kubomoa. Hamdani amemaliza nilipoanzia mimi, akatia kizingiti kipya.

Jumatatu, mwezi 10 Mfunguo Sita
Boma jipya limesimama. Limesukwa vizuri. Fisi hawasikiki.

Mume wa Tatu amehamia Bukoba na mtoto, kwa dada yake anayenyonyesha. Nyumba haina mtu. Asubuhi wanawake wamepita uani kwangu wakipelekeana ndizi na maneno. Mmoja ameniuliza mbona sicheki. Nimecheka kidogo.

Walipokwisha kupita nimeingia uani kwa Tatu. Majani yameanguka. Nimemfagilia, nikarudi kupika.