Damu ya Pili ya Kemuma

Na yale uliyonijibu kabla ya harusi, Mshauri, yametimia yote, kwani huu ni mwezi wa pili tangu Mogire anioe na bado nikisikia baiskeli yake ikipanda kilima cha Kiogoro nakimbilia kioo. Anafanya kazi maabara ya hospitali, na tukimenya ndizi hunieleza jinsi watoto wanavyohara na kutapika kwa kijidudu kisichoonekana hata kwa darubini yao, ila damu hukisema: huchukuliwa ya siku za ugonjwa, kisha ya wiki tatu baadaye, na kinga ikiwa imepanda katika ile ya pili, basi mdudu amejulikana, nami niliposikia hayo nilimpenda upya.

Mwanzoni mwa mwezi, Kemuma, mjukuu anayelelewa na mama mkwe, aliugua hivyo hivyo, Mogire akamtoa damu kidogo, manesi wakamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko siku mbili, akapona. Mama akasema, "Mwanangu amewashinda wazee wanaoumika damu kwa pembe. Damu mbaya yote imetoka." Nami kwa fahari nikajibu, "Ndiyo, Mama, ana mkono wa baraka." Jana jirani yetu Bonareri akaja na mtoto anayehara, ati Mogire amtoe damu apone, nikambembeleza mpaka akaenda hospitali. Na siku ya damu ya pili ya Kemuma imekaribia, mama mkwe amekataa: "Mbaya ilikwisha toka. Hii nzuri anaitakia nini?" Mogire hajui chanzo ni mimi, anasema bila ya pili ile ya kwanza ni kazi bure, na uso wake unaniumiza. Naomba msaada: nimchukue mtoto kimya kimya, niseme tunakwenda sokoni Kisii?

Nyanchera, Kiogoro

Nyanchera mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa hasira. Mume kama huyo hahitaji kupambwa kwa uongo. Yeye hungoja wiki tatu asije akasema asilolijua. Wewe umelisema kwa pumzi moja. Kemuma alirudishwa na yale maji ya kijiko. Damu ilikwenda kuulizwa swali tu. Mtoto wa Bonareri umemwokoa, lakini wangapi watangojea baiskeli ya Mogire huku wanakauka?

Usimwibe mtoto. Ukimwiba, hakuna bibi Kiogoro atakayeleta tena mjukuu hospitali. Leo mwambie Mogire. Atanuna, chakula kitapoa. Hiyo nayo ni ndoa. Kesho nendeni wawili kwa mama, uanze wewe: "Mama, nilikudanganya." Mwambie pia kwamba damu hiyo haitamfaidi Kemuma, itawafaidi watakaougua baada yake, maana ugonjwa ukijulikana hawatapewa dawa kali zisizowafaa. Akikataa, mheshimuni.

Lakini sidhani atakataa. Mwanamke anayetenganisha damu ya kwanza na ya pili ana akili ya maabara. Amekosa tu wa kumwambia kweli. Mwambie aniwekee ndizi. Nina safari ya Nyamira, na kabla mwezi haujaisha nitapita kwake, anieleze mwenyewe damu ya pili imesema nini.